Gari la Mselem Lilipita Buguruni

Kijiwe cha Barabara ya Kumi na Tatu, hapa Ngamiani, Tanga, hakina mwenyewe wala mwenyekiti. Kina benchi mbili za mbao, ukuta wa kuegemea, na Uweso na birika lake la kahawa, basi. Kila baada ya swala ya alasiri utawakuta walewale: Saleh, wanayemwita Forodha kwa sababu alikaa mpakani Horohoro miaka ishirini akijaza karatasi za mizigo ya watu, Ernesti, aliyefundisha shule muhula mmoja tu akabaki kuitwa Mwalimu hadi leo, Massoud wa Pemba, jina la utani Karafuu, ambaye hajapata kushindwa ubishi maana akiona anashindwa huanzisha mwingine, na Mselem seremala, ambaye tangu mwezi jana ameongezewa jina la Kapteni. Siku hiyo mwenye shida alikuwa Kapteni, na shida yenyewe alijitakia.

Ukapteni aliupata kwa gari. Alinunua Coaster kuukuu iliyokuwa imeota nyasi nyuma ya gereji, akaifufua injini, akang'oa viti vyote, akapiga vitanda vinne vya mninga, akaweka jiko la gesi na tangi la maji juu ya paa. Nasima, mkewe, akashona mapazia. Mtaa mzima ulikuja kulitazama gari-nyumba, na hapa kijiweni palisemwa maneno mengi ya sifa ambayo leo hakuna aliyetaka kukumbushwa. Shule zilipofungwa, Mselem akampakia Nasima na watoto wao wawili, Rahila na Maulid, wakavuka mto kwa kivuko pale Pangani, wakalala Ushongo siku mbili, wakateremka na pwani mpaka Bagamoyo. Jumamosi ilikuwa zamu ya Dar es Salaam.

Mji waliuona, hilo halina ubishi. Waliitazama treni ya umeme ikitoka stesheni, wakaenda soko la samaki Feri, wakahesabu maghorofa ya Posta mpaka shingo zikauma, wakaingia makumbusho, wakala aiskrimu Koko Bichi, na jioni wakalipita daraja la Kigamboni kwenda na kurudi, tena mara mbili kwa sababu Maulid alilia. Kutoka darajani wakashika barabara ya Ubungo kutafuta pa kulala, na barabara hiyo hupita Buguruni. Rahila, aliyekaa dirishani, akauliza kama pale si kwa bibi. Mselem akamwambia tutapita kesho, akaongeza mwendo. Walilala Kimara, kituo cha mafuta, katikati ya malori. Kulipokucha wakashika njia ya Tanga.

Sasa huyo bibi wa Buguruni ni Bi Wanu, dada wa baba yake Mselem. Mselem alipokwenda Dar kujifunza useremala alikaa kwake miaka miwili. Bi Wanu alimpikia, akamfulia, akagombana na majirani waliolalamikia vumbi la mbao. Na alijua kwamba wanakuja, maana Nasima alimpigia simu kutoka Bagamoyo kumwambia kesho tuko Dar. Jioni ile ya Jumamosi Bi Wanu alipiga mara mbili. Mselem aliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza. Leo ilikuwa siku ya tisa, shangazi hajapiga tena, na Nasima nyumbani anamjibu mumewe kwa neno mojamoja.

Mselem aliwaambia wenzake yote hayo, ila sababu hakuitaja. Alichotaka ni maneno. Ampigie, lakini aseme nini?

Forodha ndiye aliyetangulia, kama mtu aliyezoea kutafutia watu karatasi.

— Sema trafiki walikurudisha. Gari la urefu ule Buguruni haliingii siku ya Jumamosi, amri.

— Amri ya nani? akauliza Mwalimu.

— Ya juu. Ukishasema ya juu, nani atafuatilia?

— Buguruni yanaingia malori ya mbuzi, bwana. Huyo mama anayaona kila siku mlangoni pake.

Mwalimu alikuwa na lake. Kapteni aseme watoto waliugua tetekuwanga njiani, akaona vibaya kumpelekea mtu mzima maradhi. Hapo uongo unakuwa wa heshima, alisema, tena wa kitaalamu.

Mselem aliufikiria kidogo, akatikisa kichwa.

— Nikimwambia watoto wanaumwa, kesho asubuhi atapanda basi. Atashuka hapa na mfuko wa mwarobaini. Nyinyi hammjui.

Wenzake walimjua bila kumjua. Kila mmoja ana wake wa namna hiyo mahali.

Karafuu akaona ubishi unataka kufa, akaunyanyua. Yeye alisema njia ni moja: akane kabisa kwamba alifika Dar.

— Na picha? akauliza Mselem. Nasima kaweka mtandaoni picha kumi na saba, mji mzima umeziona.

— Yakhe, picha siku hizi si ushahidi. Sema zimetengenezwa na akili mnemba. Wewe ulikuwa Bagamoyo umelala, wakakutia darajani.

— Na Maulid analia kwenye daraja, nayo ni akili mnemba?

— Hiyo ndiyo ya kwanza. Wanaanza na watoto.

Uweso alicheka mpaka akamwaga kahawa, na kicheko kikawapa kichwa. Forodha akasema basi bora liwe jini. Ile Coaster ilikaa miaka sita nyuma ya gereji, na gari likikaa hivyo halikosi mpangaji. Kapteni aseme alikata usukani kuingia Buguruni, gari likakataa.

— Jini la Tanga linaijuaje Buguruni? akahoji Mwalimu.

— Ndiyo maana likakataa. Mahali halipajui.

Wakabishana kuhusu majini na leseni za udereva kwa muda mrefu. Mselem hakucheka. Alikuwa anaona aibu, aibu ya kweli, na kelele zile zilimwongezea.

— Gari halikukataa, alisema. Nilikataa mimi.

Wakamgeukia.

— Nilitaka nilale Dar kwangu. Maisha yangu yote nikienda Dar nafikia kwa watu. Nikasema safari hii nikirudi kijiweni niseme sikumgongea mtu mlango. Ndiyo hiyo tu. Nimepita mlangoni kwa mtu aliyenilea, nikaenda kulala na malori, ili nije kuwasimulia nyinyi.

Forodha alikizungusha kikombe chake. Yeye ndiye aliyesema, siku ile gari linapakwa rangi, kwamba sasa Mselem amekwisha na mambo ya kutandikiwa mikeka ya watu. Mwalimu alipiga makofi. Walikumbuka wote wawili.

— Na sisi tulisema, Forodha akakiri kwa sauti ndogo.

— Mlisema. Lakini usukani nilishika mimi.

Ndipo akatokea mwanamke mwenye begi mgongoni, akitazama namba za mitaa. Akawaamkia shikamooni, wakaitika marahaba, Uweso akamsogezea nafasi. Alisema anaitwa Leticia, ametoka Dar kwa basi la asubuhi na kesho anakwenda Horohoro kwa biashara zake. Alielekezwa kijiwe cha kahawa, aulizie Mselem seremala.

— Ni mimi, dada.

— Mimi mpangaji wa Bi Wanu. Anakusalimu sana.

Mselem akasimama.

— Jumamosi ile mlipokuwa mnakuja aliniomba chumba changu, maana alisema mko wanne. Nikaenda kulala kwa mdogo wangu. Kaazima godoro kwa jirani, katandika, kashusha na chandarua. Mpaka leo hajakubali mtu alale. Anasema gari ni kuukuu, huenda limewaharibikia njiani na mnaona haya kusema. Kanituma nikuulize neno moja tu. Alikunje lile godoro, au bado mnakuja?

Leticia alimtazama Mselem, akamtazama Forodha, kisha Mwalimu na Karafuu, kama kuna mwenye jibu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kukaa benchi ile, Karafuu alitazama chini.

Leticia akasema amemwahidi mama wa watu atampigia akishafika, akatoa simu, akapiga na kufungua sauti ili wote wasikie. Iliita mara moja tu.

— Leti? Umemwona? Mzima?

Leticia akamnyooshea Mselem simu.