Mzee Gurudumu, Fundi Aliyewasubiri Wenzake

Jirani yetu mmoja alieneza uvumi kwamba marehemu alikuwa na mke mdogo ndani ya karakana iliyofungwa. Kila Jumamosi alimwona amechana nywele, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, anapotelea getini. Mama mkwe wangu, mkewe marehemu, alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta.

“Mke mwenzangu huyo ni wa chuma, shoga. Anakula mafuta tu, wala haombi nguo.”

Mzee Gurudumu, kama tulivyozoea kumwita, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 katika nyumba hizi hizi za reli. Baba yake alikuwa mtia makaa kwenye injini za mvuke. Alisoma shule ya kampuni ya reli hadi darasa la saba. Enzi hizo honi ya karakana ikilia, milango ya mtaa mzima inafunguka, wanaume wanatoka wakitaniana, wengine bado wanatafuna.

Mwaka 1970 aliajiriwa karakana, akawa fundi wa mashine ya kuchonga magurudumu ya treni. Mwaka 1976 alimwoa mpishi wa kantini. Kabla ya hapo alikuwa akirudi kwenye foleni ya chakula mara ya pili akidai hajashiba, mpaka mpishi akamwambia, “Kaka, wewe huna njaa, una shida nyingine.”

Karakana ilifungwa mwaka 1998. Mafundi wakahama, nyumba zikabaki na popo. Mlinzi alimruhusu Mzee aingie kila Jumamosi kuipaka mashine yake mafuta na kuizungusha kidogo, maana chuma kizito kikilala upande mmoja hupinda.

“Wakirudi waikute nzima,” alisema.

Hawakurudi. Wanawe walimsihi ahame, akakataa katakata. Mume wangu, kitinda mimba wake, alipopata kazi mji wa mbali alikwenda peke yake. Mimi na mtoto tukabaki kuwatunza wazee.

Mwaka jana alianza kuumwa kifua. Kila akisikia mngurumo aliuliza, “Treni hiyo?” Nami nikajibu, “Ni lori, baba.” Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Mungu ampe mapumziko aliyojinyima.

Siku chache kabla hajafariki alinishika mkono. Tangu nimzalie mjukuu aliniita mama.

“Mama, mkishanizika, msikae hapa kunilinda. Mchukue mama yenu, muondoke. Mpeleke mtoto kwa baba yake, akue anamjua.”