Ethel Arthur Chinguile, 1959–2025: Mwonjaji wa Jini ya Mabibo

Ndugu waombolezaji, mama yetu Ethel, ambaye wengi mlimwita Mama Oliva, alizaliwa Chidya tarehe 3 Mei 1959, mtoto wa tatu wa Mwalimu Arthur Chinguile na Bi. Scholastika. Alisoma shule ya msingi hapohapo Chidya, 1967 hadi 1973, kisha akapata mafunzo ya utoaji dawa mjini Mtwara.

Kuanzia 1979 alikaa dirisha la dawa hospitalini Mkomaindo, miaka arobaini kamili. Wenzake walisema akifungua kopo la dawa hunusa kwanza, ndipo asome lebo.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Stefano Nampunju, seremala wa Newala. Barua ya posa Stefano aliileta mwenyewe kwa baiskeli, akafika na vumbi hadi kwenye kope. "Huyu hatanidanganya," mama alimwambia dada yake. Walijaliwa watoto wawili. Baba alitangulia mwaka 2011.

Mama alipostaafu 2019, Dickson, mtoto wa kaka yake, alikuwa amefungua kiwanda kidogo chenye leseni huko Lisekese. Alipika jini, pombe kali ya mabibo, matunda ya mkorosho, iliyotiwa maganda ya ndimu, iliki na mbegu za mreteni, chupa sitini tu kila mpiko. Mama hakuwa mnywaji, lakini alikubali kumwonjea. Kijiko kimoja na maji kidogo, anazungusha mdomoni, anatema. Akina mama wengine kanisani walinung'unika. Akawajibu, "Nimeshika dawa miaka arobaini, mbona sikuugua?"

Novemba 2021 mzigo wa hoteli moja ya Mtwara ulikuwa umeshafungwa, mama alipoonja chupa moja, akatema.

"Hii haiendi kwa mtu, Dickson."

"Shangazi, gari linakuja kesho asubuhi!"

"Lirudi tupu. Nasikia harufu ya rangi ya kucha. Yale matone ya kwanza ya mtambo hukuyatenga yote. Utampofusha mtu."

Dickson alinuna, akatoka nje, akarudi, akamwaga chupa zote sitini. Wiki tatu baadaye alileta nyingine. Mama alionja, akafumba macho. "Kwanza ndimu," akasema. "Halafu bibo lenyewe, lile lililoanguka asubuhi hii. Iliki inachelewa, inabaki kooni." Siku hiyo, na siku hiyo tu, hakutema.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani nyuma ya pua. Matibabu ya Dar es Salaam yalimwondolea uwezo wa kusikia harufu na ladha, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Baada ya wiki moja akamwita binti yake Oliva, akaanza kumfundisha kuonja.

Oktoba, jini ya kwanza ya msimu ililetwa kitandani kwake. Akampa Oliva kijiko. "Niambie wewe."

"Ndimu imezidi, mama."

"Basi mwambie Dickson apunguze." Akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Alifariki nyumbani Mkomaindo tarehe 6 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, jirani yake Rahima akimchana nywele. Ameacha watoto wawili, Oliva na mimi Yeremia ninayewasomea haya, wajukuu watano, na kaka yake Nikolao, baba yake Dickson.

Jumatatu Oliva anakwenda Lisekese kuonja. Bwana ampokee mama yetu, ampe pumziko jema.