Moto Ulionishika Kwenye Kinu cha Mihogo

Bwana asifiwe! Itikeni kwa nguvu sasa, maana nikimaliza wengine wenu mtaitika kwa shida.

Ndugu zangu, mnanijua. Ndimi ninayewasagia mihogo kwenye kinu cha njia ya Kapalata. Mashine yetu inatumia esansi, yaani petroli, na ukiizima ikiwa na joto inagoma kuwaka mpaka ipoe. Kwa hiyo patron, mwenye kinu, alinikataza kuizima hata wakati wa kuongeza mafuta. "Usizime! Bamama batakimbilia kinu ingine!" Basi nikawa namimina esansi huku mashine inanguruma. Vinu vingi hapa mjini hufanya hivyo!

Siku ile foleni ilikuwa ndefu, nanyi mlikuwa mnapiga kelele: "Papa, fanya mbio!" Esansi ikamwagikia bomba la moshi. Mikono yangu yote miwili ikashika moto! Mungu akamtuma mama mmoja muuza samaki wa Yanonge, akanifunika kwa kitenge chake kilicholowa maji. Malaika wangu alinuka samaki, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini wengine wenu mkaja kunipaka unga wa mihogo kwenye vidonda, eti unapoza. Unapoza nini? Hospitalini muuguzi aliubandua pamoja na nyama yangu. Nililia kama mtoto mchanga! Daktari akasema huenda vidole vya mkono wa kuume vikakatwa.

Kisha patron akaja, akasimama kando ya kitanda. "Iko shetani, ndugu. Tuombe."

Ndugu zangu, nilikasirika! Kwani shetani ndiye aliyenikataza kuzima? Nikamwambia mbele ya wagonjwa wote: "Patron, haiko shetani. Iko weye!" Maisha yangu yote sikuwahi kumpandishia mtu yule sauti. Hapo ndipo Bwana aliponifungua! Woga ukanitoka, nikaomba kwa hasira ile ile, naye akanisikia. Tazameni vidole hivi. Vyote vipo!

Nimerudi kazini. Mafuta yakikaribia kuisha nazima, nangoja ipoe, ndipo namimina, na patron hanikatazi tena. Lakini juzi dada mmoja wa kwaya hii hii alinifokea: "Papa, utawasha lini?"

Mtegemeeni Bwana, ndugu zangu, ni mponyaji kweli. Na kesho mkikuta nimezima mashine, kaeni mngoje. Mwenye haraka aje hapa mbele kwanza, aishike mikono hii.