Bi Nurys Encarnación wa Paya, Mkata Filamu (1942–2024)

Ndugu, majirani na marafiki, tunayemsindikiza leo ni Bi Nurys Encarnación Féliz. Wengi wenu hamkuwahi kuiona sura yake kwenye televisheni, lakini kwa miaka thelathini na minne hakuna habari ya mchana mliyoitazama ambayo haikupita mikononi mwake. Kazini walimwita Mkasi. Hapa Paya alikuwa Nuri tu.

Alizaliwa hapa hapa Paya, nje kidogo ya mji wa Baní, siku ya Alhamisi tarehe 9 Aprili 1942. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Hipólito Encarnación, dereva wa lori la chumvi la Las Salinas, na marehemu Bi Leocadia Féliz, ambaye kashata zake za maziwa ziliwasimamisha wasafiri barabarani. Miaka minne baadaye alizaliwa Melania, na hakukuwa na wa tatu. Bi Leocadia alikuwa akisimulia kwamba uchungu ulimshika akiwa jikoni, na sufuria zima la maziwa likaungua. Kila Nurys alipokosea aliambiwa, "Wewe ulianza kuniharibia kazi kabla hujafumbua macho."

Alisoma shule ya msingi ya Paya kuanzia mwaka 1949, kisha sekondari mjini Baní, akamaliza mwaka 1960 pamoja na cheti cha ushonaji. Lakini masomo yaliyomfaa maishani aliyapata kwingine. Alipokuwa na miaka kumi baba yake alimpeleka sinema. Katikati ya onyesho mkanda ulikatika, taa zikawashwa, na mwonyeshaji, Mzee Fello, akauunganisha haraka haraka na kuendelea. Mtoto akasimama juu ya benchi.

"Mmekula kipande!" akapaza sauti. "Yule mama alikuwa na kofia, sasa hana! Kofia imekwenda wapi?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mzee Hipólito alimvuta gauni akae, huku aibu imemjaa. Onyesho lilipokwisha Mzee Fello aliwafuata mlangoni, na baba akaanza kuomba radhi.

"Usiniombe radhi, Hipólito," akasema Mzee Fello. "Watu mia mbili wamekaa humu, na huyu peke yake ndiye aliyetazama. Njoo, mwanangu, nikuonyeshe kofia ilipo."

Akampandisha kwenye chumba cha mashine, akamwokotea kipande sakafuni. Nurys alikiinua kwenye taa akamwona yule mama na kofia yake, picha baada ya picha, mara ishirini na tatu, mdogo kama punje ya mchele.

Mwezi Februari 1961 alikwenda mji mkuu, Santo Domingo, akaajiriwa katika chumba cha mavazi cha kituo cha televisheni. Alishona miaka miwili. Siku moja mwaka 1963 mhariri wa filamu aliugua ghafla saa nne asubuhi, na habari zilikuwa ziende hewani saa sita. Nurys alishuka ngazi akiwa bado na sindano kwenye kola, akamwambia mkuu wa habari kwamba angeweza kuifanya kazi ile.

"Binti, hiyo si suruali," bwana yule akamjibu.

"Ni kitu kimoja, bwana. Unapima, unakata, unashona, na mshono usionekane."

"Na ukiharibu?"

"Nitarudi kwenye suruali zangu. Lakini saa sita ikifika na filamu hamna, wewe utawaonyesha watu nini? Uso wako?"

Hakurudi kwenye suruali. Alikata habari, michezo, maandamano, magwaride ya kanivali na mechi za besiboli, na alikata filamu mbili ndefu zilizotoka hadi nje ya nchi. Katika moja ya hizo jina lake liliandikwa Norys. Walipomshauri alalamike, alisema huyo Norys amefanya kazi nzuri, mwacheni afaidi. Alistaafu mwaka 1997, akafundisha vijana hadi 2012. Wanafunzi wake waliopo hapa wanakumbuka fundisho la kwanza: kaa kimya utazame hadi mwisho, ndipo ushike mkasi.

Alifunga ndoa na mpigapicha Ramón Sepúlveda katika kanisa la Baní, Jumamosi tarehe 18 Novemba 1972. Ramón mwenyewe alipenda kueleza kwamba siku ya kwanza alipompelekea filamu, Nurys aliitazama na kumwuliza kama ametumwa na kituo cha washindani. Kesho yake akapeleka nyingine, mbaya zaidi, makusudi. Walikaa miaka tisa bila mtoto. Kisha tarehe 2 Juni 1981 Mungu akawajalia Yocasta. Ramón alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, na tangu hapo Nurys hakulala upande wa mumewe kitandani.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya ndugu walishauri parukwe. Melania amekataa. Alipokaa na Yocasta kuandika wasifu huu alisema, "Mkiruka, nitasimama mimi mwenyewe pale kaburini niseme, na mimi nikianza kulia sisemi vizuri. Andikeni."

Mwezi Juni 1979 Bi Leocadia alikwenda kukaa kwa Nurys mtaani Villa Consuelo ili atibiwe macho. Melania alibaki Paya na biashara ya kashata. Ijumaa ya tarehe 31 Agosti kimbunga David kikaifikia Santo Domingo. Ramón alikuwa ametumwa kusini. Asubuhi kituo kikapeleka ujumbe: ghala la filamu liko chini ya ardhi, hatua chache kutoka baharini, na anayeweza afike. Nurys akamwacha mama yake na jirani, Bi Tomasina Rijo, akisema atarudi kabla ya saa sita. Kituoni alimkuta mlinzi mzee mmoja tu. Wawili wale wakaanza kupandisha makopo ya filamu kwa ngazi hadi ghorofa ya pili. Kufika kopo la mia mbili na kumi na mbili maji yalikuwa yamejaa ghalani, na mlango wa nje haukufunguka tena kwa nguvu ya upepo.

Alirudi nyumbani Jumamosi asubuhi, akiruka miti na nyaya. Mabati yalikuwa yamekwenda, ukuta wa chumbani umeanguka. Bi Tomasina alikuwa amemtoa Bi Leocadia chini ya matofali, yu hai, lakini amevunjika nyonga. Hakutembea tena. Alifariki tarehe 20 Januari 1980.

Baada ya maziko, mbele ya watu, Melania alimwuliza dada yake swali moja.

"Ulikwenda kuokoa nini?"

"Filamu."

"Haya. Nenda ukakae nazo."

Nurys hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akapanda gari. Kuanzia siku hiyo, kwa miaka kumi na minne, hao watoto wawili wa tumbo moja hawakusemeshana. Yocasta alipozaliwa, dereva wa basi la Baní alileta kifurushi kisicho na jina wala barua: viatu vidogo vya kufuma, vyeupe. Nurys aliugeuza mshono akautambua kuwa wa mdogo wake. Akakaa navyo mapajani mchana kutwa. Hakuandika kushukuru, kwa kuhofia kwamba akishukuru vitakuwa vya mwisho.

Mwezi Mei 1994 alipewa kazi ya kupanga makopo ya zamani, yale yale aliyoyapandisha ngazi. Ndani ya kopo moja la mwaka 1968, la habari ya ujenzi wa barabara, alikuta kipande ambacho hakikutumika. Ni cha sekunde arobaini. Kinaonyesha kando ya barabara ya Paya, meza, kashata zimepangwa kama matofali, na nyuma ya meza Bi Leocadia anafukuza nzi. Anamwona mpigapicha. Anaweka mkono kiunoni, anasema jambo, kisha anacheka mpaka anajifunika uso. Sauti hamna.

Jumapili tarehe 29 Mei, Siku ya Akina Mama, Ramón alimleta hapa na mashine ya kuonyeshea filamu. Akabaki garini. Nurys akabisha geti la Melania.

"Nani?"

"Nurys."

"Nurys yupi?"

"Melania, jua linaniunguza."

"Jua la Paya ni lile lile uliloliacha."

Nurys akashika nondo za geti. "Nimekuja na Mama," akasema.

Melania alidhani dada yake amerukwa na akili, na anakiri kwamba alimfungulia kwa kumwonea huruma. Wakafunga madirisha ya jikoni, wakatundika shuka. Bi Leocadia alipotokea, Melania aliusogelea ukuta hadi kivuli chake kikamfunika mama, ikabidi arudi nyuma. Kipande kilipokwisha akasema, "Rudia." Nurys alikirudia mara kumi na moja.

"Anamwambia nini huyo mpigapicha?" Melania akauliza.

"Nadhani anasema, 'Nunua au ondoka.'"

"Wapi! Mtazame mdomo. Anasema, 'Ngoja nifunge kitambaa cha kichwa vizuri.'"

"Kitambaa mbona hakishiki?"

"Si anacheka! Utashika kitambaa unacheka? Wewe kazi yako kutazama na hujui kutazama!"

"Miaka thelathini natazama, Melania."

"Basi umetazama bure!"

Ramón alisikia kelele kule garini, akaja mbio. Aliwakuta wanagombana kwa sauti za watoto wa miaka saba, akarudi kimya kimya kwenye gari lake. Mwishowe Melania alipakua wali, maharage na nyama ya mbuzi, akaweka sahani tatu.

"Usidhani nimekusamehe kwa ajili ya sinema," akasema.

"Sidhani."

"Nimechoka tu kula peke yangu. Kaa. Na mwite mumeo, atapikika humo garini."

Tangu hapo hawakutengana kwa zaidi ya wiki mbili.

Sukari ilimsumbua Nurys kwa miaka mingi, na mwaka 2021 ilimnyima macho. Melania alifunga nyumba ya Paya akahamia kwake mjini. Kila jioni alimsimulia tamthilia ya televisheni, na majirani wanajua jinsi ilivyokwenda.

"Kuna mwanaume ameingia."

"Mwanaume gani?"

"Amevaa shati."

"Shati la namna gani, Melania?"

"Shati tu, dada! La mikono miwili!"

Hata bila macho, Nurys aliinua kidole aliposikia picha imebadilishwa vibaya. "Wamekata mapema. Huyo dada hakuwa amemaliza kulia." Wiki zake za mwisho figo zilichoka, akalazwa. Alitamani maharage matamu ya Kwaresima, yale yanayopikwa kwa maziwa na viazi vitamu. Melania alimpelekea kikombe, Nurys akaonja vijiko viwili, akasema viazi vitamu vimekuwa vichache. Alifariki katika hospitali moja jijini Santo Domingo, Jumatatu tarehe 11 Machi 2024, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mdogo wake. Zilibaki siku ishirini na tisa atimize miaka themanini na miwili.

Jana kwenye mkesha alifika Bi Tomasina Rijo, mwenye miaka themanini na mitano, akishikwa huku na huku. Alimwomba Melania akae karibu.

"Mdogo wangu, ahadi niliyompa dada yako imekwisha, kwa kuwa amekufa," akasema. "Siku ile ya David, Nurys hakutaka kwenda. Alikwishavua viatu. Mama yenu ndiye aliyemfukuza. Nilimsikia kwa masikio haya. Alimwambia, 'Vaa viatu uende. Mimi sina homa, unishike mkono wa nini? Yale ni mambo ya watu wote, na wamekuita wewe.' Akamsukuma kwa fimbo mpaka mlangoni."

Melania akamtazama. "Kwa nini hukuniambia, Bi Tomasina? Miaka yote hiyo?"

"Alinikataza siku ya maziko. Alisema, 'Melania akijua atamkasirikia Mama, na Mama hawezi tena kujibu. Mwache anikasirikie mimi. Mimi nipo.'"

Mliokuwapo mliona. Melania aliinuka, akaliendea jeneza, akaiweka sawa kola ya dada yake iliyokuwa imekunjika.

"Mjinga wewe," akamwambia, polepole. "Mjinga wa kupindukia. Miaka kumi na minne!" Akainama akambusu kwenye paji la uso, kisha akavuta kiti akakaa kando yake hadi tulipokuja kumchukua.

Marehemu ameacha binti yake Yocasta na mkwewe Eligio. Wajukuu wawili, Arisleyda na Geraldo. Wanafunzi ambao hakuwahesabu. Jirani yake Bi Tomasina. Na mdogo wake Melania, anayerudi leo kuifungua nyumba ya Paya, na atakayewapokea nyote humo kwa sala za siku tisa.

Ewe Mwenyezi Mungu, mpokee Nuri wetu. Alale salama, apumzike, kando ya mama yake.