Nyumba Mpya ya Rusko

Kijiwe chetu hapa Petäjälä ni benchi la ndani ya kituo cha mafuta, karibu na hita, maana Januari ya Ufini ukikaa nje masharubu yanaganda hujamaliza salamu. Hilkka anamimina kahawa, sisi tunamimina uongo. Leo lakini Taisto aliingia kanyong'onyea. Bintiye Marjut anakuja kutoka mjini, na ameapa: akimkuta Rusko bado analala kwenye theluji, anambeba akaishi naye ghorofani. Mbwa wa kuwindia, ghorofani! Taisto hana mwenzake mwingine pale nyumbani, na sote tunajua.

— Nimemjengea nyumba, jamani! Kuta mbili mbili, katikati nimeshindilia pamba ya kuzuia baridi. Sakafu nimeiinua. Lakini mwenyewe haingii!

— Umemtandikia nini? Hilkka akauliza.

— Mabua makavu.

— Hapo sawa. Blanketi lingenyonya unyevu, likawa barafu.

— Na mlango? nikauliza mimi.

— Umeupa upepo mgongo.

Kyösti, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akatua kikombe.

— Ni rangi hiyo. Umeipaka kijivu, mbwa anadhani ni ofisi ya kodi.

— Toka hapa!

— Basi ni sauna. Mfini gani anahamia nyumba isiyo na sauna?

— Redio, yule ni mbwa!

— Mbwa wa wapi? Si wa hapa hapa? Mwekee jiko na ndoo ya maji, utaona kama hajaingia na taulo.

Hilkka hakucheka.

— Taisto, ina ukubwa gani? Inatakiwa ndogo, aipashe kwa mwili wake.

— Ni kubwa kidogo.

— Kidogo vipi?

— Tunaenea. Mimi na yeye.

— Wewe unaendea nini humo?

— Si ilibidi nimwonyeshe! Kila siku nikishakula naingia, najilaza, namwita. Yeye anakaa nje, ananitazama tu.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Hapo mlango ukafunguka, akaingia Marjut, kofia imejaa theluji.

— Hamjambo wazee. Baba, nimepitia nyumbani kwanza.

— Rusko kalala mlangoni pa kile kibanda, theluji imemjaa mgongoni wala haiyeyuki, mkia unachapa chini kwa raha. Nimetaka kuchungulia ndani, akaningurumia kama mlinzi. Mimi! Niliyemlea kwa chupa!

— Kwa hiyo unamchukua? Taisto akauliza.

— Subiri. Nimechungulia kwa nguvu. Ndani kuna mto wako, soksi zako na chupa ya chai. Sasa niambie, baba, na nyie wazee mnisaidie: nimchukue nani?

Hilkka akageukia birika. Redio akamnyooshea Taisto kidole.