Mama Ahamie Ghorofani

Fundi mapazia alikuwa ameegemea dirisha la basi, usingizi ukimpitia, aliposikia wanawake wawili mbele yake wakizungumzia jengo moja jipya la ghorofa, la vioo.

"Lifti haina kelele hata kidogo," alisema mmoja wao, muuguzi, mpangaji wa humo. "Maji hayakatiki. Asubuhi ukungu unapita chini ya dirisha, unahisi kama unaelea."

"Basi nitamhamishia mama yangu," akajibu mwenzake, mwalimu. "Ngazi za kwetu zinamuumiza magoti."

"Anapenda kuongea?"

"Mama? Huyo hata na sufuria anaongea."

Muuguzi akamgeukia. "Dada, huu mwaka wa pili nipo pale. Jirani yangu namjua kwa viatu vyake tu, mlangoni. Nilipougua siku nne, aliyebisha hodi ni mlinzi."

"Lakini alibisha."

"Alibisha, ndiyo."

Macho yakiwa yamefumbwa, fundi alimwona bibi kizee kule juu, magoti yamepona, akimtafuta ukunguni mtu wa kumsalimia. Hakujua amwonee wivu au huruma.

Basi likasimama. Mwalimu akainuka, akashika mkoba wake, kisha akageuka.

"Huyo mlinzi," akauliza, "naye anapenda kuongea?"