Sauti Yangu na Gauni Tulilolichoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naomba niseme tena, maana mara ya kwanza wameitikia wanakwaya peke yao. Bwana asifiwe! Haya, asanteni.

Naitwa Kabula. Wengi mnanijua, na wageni wetu wa leo huenda mliwahi kuniona kwenye runinga, ingawa kule walinipaka vitu vingi usoni. Mchungaji amenipa nafasi nitoe ushuhuda, na nakiri mbele yenu kwamba nimekuja nimechanganyikiwa. Nimesikia shuhuda nyingi hapa mbele. Mtu anasema nilikuwa gizani, nikaombewa, nikaona nuru, kisha anakaa. Wangu haukai sawa namna hiyo. Nimejaribu kuupanga wiki nzima na kila nikiunyoosha unapinda. Basi nitausema ulivyo, na mkiona nimepotea mnivumilie, kwa sababu huenda sehemu hiyo hata mimi sijaielewa.

Nimelelewa hapahapa Kiseke na Shangazi Minza, dada wa baba yangu, tangu nikiwa darasa la tatu. Shangazi ni fundi cherehani, kibanda chake kiko Igoma, na kanisani alikuwa mhudumu wa mlangoni, yule mama aliyekuwa akiwaonyesha pa kukaa. Mimi niliingia kwaya nikiwa mdogo, na mwalimu wa kwaya akanipanga mstari wa nyuma. Kosa langu lilikuwa kuvuta. Wenzangu wakishafika kwenye amina, mimi bado niko ubeti wa pili nazungukazunguka na neno moja. Mwalimu alikuwa akisema, "Kabula, unatembeza wimbo kama ng'ombe mgonjwa." Mwalimu yuko hapo kwenye kinanda, ananitazama, lakini ni kweli alisema.

Shindano la kuimba la runinga lilipokuja kufanya usaili hapa Mwanza, aliyenisukuma ni Nkwimba, binti wa Shangazi. Nilikwenda na blauzi yangu ya kwaya nikaimba nilivyozoea. Jaji mmoja akavua miwani akaniuliza, "Dada, hiyo soul umejifunzia wapi?" Sikujua kwamba ninachokiimba kina jina. Nikamwambia nimejifunzia kanisani, ila kwetu kinaitwa kuharibu wimbo. Walicheka, wakanipitisha.

Sasa, wapendwa, kuna jambo la kwetu Usukumani inabidi niwaeleze ninyi wa makabila mengine. Babu yangu alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, walikutana uwanja mmoja, ngoma mbili zinapigwa wakati mmoja, na watazamaji wanahama huku na huku. Jaji hayupo. Yule ambaye upande wake utabaki na watu wengi ndiye mshindi. Na manju hakuingia uwanjani bila dawa ya kupendwa na watu. Shangazi alikulia humo. Aliposikia kwamba kwenye runinga mshindi anapatikana kwa kura za watazamaji, alielewa haraka kuliko sisi wote. Akasema, "Kumbe ni ngoma ileile." Tukacheka, tukaona shangazi yetu ana maneno.

Nilipochaguliwa kwenda Dar es Salaam, Shangazi alishona sare ya familia, kama tunavyofanya kwenye harusi. Magauni manne ya kitenge kimoja: lake, la mama mdogo, la Nkwimba na langu. Mimi na Nkwimba tunalingana kimo na kiuno, hata alitupima mara moja tu. Siku ya kuondoka aliyapiga pasi yote akayapanga kitandani, nikachukua langu nikatia kwenye begi.

Huko kambini, walikotuweka sisi washiriki, ndugu zangu, sitawachosha. Niliogopa kila wiki. Kila wiki mtu anafungasha anarudi kwao, mimi nabaki, na sikujua kwa nini nabaki. Kuna binti mmoja aliimba vizuri kuliko mimi, wote tulijua, akaondoka. Mimi nilikuwa nasimama, nafumba macho, navuta wimbo kama nilivyokatazwa na mwalimu, na watu nisiowajua wanalia. Siku ya fainali tuliambiwa tuvae kitu cha nyumbani. Nikavaa gauni la Shangazi. Fundi mitambo akatoboa tundu dogo mgongoni, juu ya kiuno, apitishe waya wa kinasa sauti. Iliniuma, kazi ya shangazi wangu kutobolewa. Nikaimba, na nikashinda.

Niliporudi, mlinipokea Usagara. Sitasahau ile foleni ya bodaboda kutoka njia panda mpaka mjini, na Shangazi, Nkwimba na mama mdogo wamevaa sare. Jioni nguo zikafuliwa pamoja, zikaanikwa kamba moja. Jumapili nikasimama hapa nilipo, nikashuhudia kwamba Mungu ameniinua kutoka mstari wa nyuma. Ushuhuda ule ulinyooka. Mlifurahi sana.

Wiki ya tatu nilikuwa napiga pasi lile gauni. Pasi ikagonga kitu kwenye pindo. Nikafumua kwa wembe nikakuta kifurushi cha kitambaa cheusi, kimefungwa uzi, ndani vipande vya mizizi. Nilijua ni nini kabla sijauliza. Nilimwuliza Shangazi, na hakuficha. Alisema alikipata kwa mtu wa kijijini kwao, akakishonea mle ndani ili watu wanipende.

Jamani! Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa nikampa Mungu sifa, kumbe nilikuwa nimevaa mizizi. Usaili nilipita kabla sare hazijashonwa, lakini wakati ule hilo halikunijia akilini, nilikuwa nimeogopa mno. Nikahama kwa Shangazi siku ileile, nikaenda kukaa kwa rafiki.

Na sauti ikaondoka. Nilialikwa kwenye mkutano wa injili hapa Ilemela, kinanda kikapiga utangulizi mara tatu, nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Nikadhani mafua. Daktari akaangalia koo akasema halina tatizo. Kuongea niliongea vizuri kabisa, lakini nikitaka kuimba tu, swali linatangulia: hii inayotaka kutoka ni ya nani? Na koo linafunga. Waliotaka kunirekodi walisubiri, kisha wakaacha kupiga simu. Mitaani wakasema yule binti dawa imemwishia.

Nikaja kwa Mchungaji nikaungama, mkaniombea, tukalichoma gauni na kifurushi chake hapo nje uwanjani. Na nikamtaja Shangazi kwa jina. Hakuna aliyeniambia nimtaje. Alikuwa amesimama pale kwenye ngazi na kitambaa chake cha wahudumu begani. Nikasema ni yeye, mimi sikujua lolote. Akavua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye ngazi, akaondoka. Ninyi mkapiga makofi. Najua mlipigia gauni lililokuwa linaungua, lakini yeye aliyasikia akiwa anatoka getini.

Mkaniambia, imba sasa, umefunguliwa. Nikafungua mdomo. Hewa.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Mmoja alisema imani yangu ni ndogo. Mwingine alisema dawa ina mizizi ya pili mahali fulani. Nilifunga, nikaomba, nikakesha na akina mama. Nilianza hata kumwogopa Mungu vibaya, nikiwaza kwamba amenichukulia kilicho chake kwa hasira. Miezi minne nilikaa hivyo. Miezi minne pia sikumwamkia Shangazi. Nikimwona barabarani ninapita upande wa pili, mimi niliyekuwa nampa shikamoo kila mzee wa mtaa huu.

Kisha Nkwimba akaja kwa rafiki yangu nilipokuwa nakaa, na mfuko mkononi. Alitaka nimsaidie kuziba gauni lake la sare, maana mama yake siku hizo hakuwa na moyo wa kushona vya nyumbani. Akasema panya wamelitoboa mgongoni.

Nikalitazama lile tundu. Lilikuwa juu ya kiuno, dogo, limekatwa kwa mkasi. Panya hakati kwa mkasi. Nilikaa chini. Tukafumua pindo lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakukuwa na kitu isipokuwa uzi.

Mmenielewa? Gauni nililoimbia fainali lilikuwa lile, lenye tundu la waya, na halikuwa na chochote. Siku ya kuondoka nilichukua la Nkwimba pale kitandani. Lenye dawa lilibaki hapa Kiseke, akalivaa Nkwimba, na baada ya kuanikwa pamoja kwenye ile kamba yakabadilishana tena. Tulichoma gauni ambalo sikuwahi kupanda nalo jukwaani, na kwa hofu yangu sikukumbuka hata kutafuta lile tundu. Dawa ya kupendwa na watu aliivaa Nkwimba wa watu, anayeuza dagaa sokoni, ambaye akiimba hata kuku wanahama uani.

Na msimu uleule Nkwimba alichumbiwa. Msicheke sana, yuko hapo na mchumba wake. Mimi sitafsiri hilo, namwachia Mchungaji.

Mngetegemea sauti irudi palepale, sivyo? Haikurudi. Nilijaribu mbele ya Nkwimba, ikatoka hewa. Nikasema basi, kama dawa haikunipandisha na haikunishusha, nimefungwa na nini? Nkwimba akalikunja gauni lake akalirudisha mfukoni. Alisema tu, "Mama haendi tena kanisani. Jumapili anakaa kwenye cherehani bila kushona."

Kesho yake asubuhi nilikwenda Igoma. Nilimkuta Shangazi anashona sketi ya shule. Nikapiga magoti mlangoni nikasema, "Shikamoo, Shangazi." Alimaliza mshono mpaka mwisho, akakata uzi, akaniangalia. Nilidhani hataitikia. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba msamaha kwa kumtaja mbele za watu wakati mimi najisafisha. Naye akasema alikosea, na ametubu kwa Mungu wake peke yake, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kutubia. Akasema, "Ulikwenda mbali, na mimi kule sina mtu. Niliomba, na nikashona. Sikujua kipi kitafika."

Akaanza kulia. Shangazi yangu si mtu wa kulia. Nikamshika kichwa nikamwegemeza kwangu kama yeye alivyokuwa akinibembeleza nikiwa mdogo, na nikawa nambembeleza hivyohivyo. Fundi wa kibanda cha jirani ndiye aliyezima redio. Nilikuwa nimeshaimba ubeti mzima kabla sijajua kwamba naimba. Hakuna swali lililotangulia. Nilimtazama Shangazi tu, nikaendelea kuvuta.

Huo ndio ushuhuda wangu, na bado una matundu. Kama Mungu alinishindisha, kwa nini yule binti aliyeimba vizuri alirudi kwao? Sijui. Kama sikuvaa dawa, mbona sauti ilinyamaza? Nadhani ni hofu, na nadhani ni kiburi cha kutaka mtu mmoja awe mchafu ili mimi niwe safi. Nasema nadhani. Lakini moja silidhani, nalijua: nilikuwa nimefungwa na sasa nimefunguliwa, na sikufunguliwa siku ya moto. Nilifunguliwa siku nilipopiga magoti pale kibandani. Namshukuru Mungu kwa hilo kwa moyo wangu wote. Nawashukuru ninyi pia mlioniombea miezi yote ile bila kujua mnaombea nini, kama mimi mwenyewe nisivyojua. Mtegemeeni Mungu, ndugu zangu, hata mnapokuwa mmechanganyikiwa. Mimi nimemtegemea hivyohivyo, na hajaniacha.

Mchungaji ameniomba niimbe, na nitaimba. Ila nimekuja na Shangazi. Tumefika getini pamoja akasema niingie tu, yeye atakaa kwenye benchi la mlinzi, kwa sababu hajui kama mtamtaka. Yuko hapo nje sasa hivi, na kipaza sauti hiki kinasikika mpaka kule, kwa hiyo yote haya ameyasikia.

Wanaotoa ushuhuda huwaalika watu waje mbele. Mimi nawaalika mgeuke, mwende mlangoni. Tuliopiga makofi siku ile, na mimi niliyesababisha makofi, twendeni tumshike mkono tumlete ndani. Mwalimu, kinanda kisubiri kwanza. Natangulia mimi.